Tausi hakai nyumbani kwa kukatwa bawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanaonunua tausi, na zaidi na wanaowauzia. Wengi wetu tulianza kumwona ndege huyu kwenye picha za Ikulu ya Dar es Salaam, na mwaka 2020 Rais Magufuli alipowagawia marais wastaafu tausi pale Chamwino, habari zake zikarudi midomoni mwa watu. Leo yuko kwenye hoteli za ufukweni, kwenye bustani za kukodisha kwa harusi, na hata kwenye nyumba za kawaida zenye eneo. Malalamiko nayo ni yale yale: nilinunua, nikamwachia, akaondoka. Muuzaji akiulizwa hujibu kwamba ndiyo tabia ya tausi, au kwamba mnunuzi amekosea kwa kutomkata bawa.

Majibu yote mawili hayana ukweli. Tausi si ndege wa kuhama. Huko India na Sri Lanka anakotoka, kundi hulala kwenye miti ile ile usiku baada ya usiku, hushuka asubuhi kutafuta chakula kandokando ya mashamba, na jua likielekea kuzama hurudi. Anachoking'ang'ania ni mti wa kulala, mahali pa kula, na wenzake. Akivipata vyote kwako, na akapewa muda wa kuvijua, atakaa bila uzio. Akikosa kimoja, ukuta wa mita 3 haumzuii. Dume mwenye kilo 4 hadi 6 na mkia wake wote huruka kutoka ardhini hadi juu ya paa pasipo hata kukimbia kwa kujiandaa.

Nianze na hilo la bawa, maana ndilo linalouzwa kama dawa. Wanaokata hupunguza yale manyoya 10 marefu ya mwisho wa bawa moja ili ndege akiruka akose mizani. Kwa kuku inasaidia. Kwa tausi inaahirisha tatizo tu. Miguu yake ina nguvu, hivyo ataruka hadi juu ya boneti ya gari, kutoka hapo hadi kwenye tangi la maji, kutoka tangini hadi paani. Manyoya yenyewe hupukutika na kuota upya kila mwaka, na hakuna atakayekuarifu siku yalipokomaa. Unaamka tu ndege hayupo, naye kaondoka bila kuwa amewahi kujifunza kurudi. Baya zaidi ni kwamba asiyeweza kuruka halali juu, na tausi anayelala chini ni chakula cha mbwa wa mtaani, fungo au chatu. Wapo wanaokwenda mbali wakamkata kifaranga kiungo cha mwisho cha bawa asiruke maisha yake yote. Huo ni ukatili na haustahili kujadiliwa. Ukilazimika kupunguza manyoya kwa sababu ya muda mfupi, kata yaliyokomaa tu, ambayo bua lake ni jeupe na kavu. Unyoya ambao bua lake bado ni jeusi au la buluu lina damu ndani. Ukilikata, ndege hutoka damu nyingi na anaweza kufa mikononi mwako.

Kinachomfunga tausi ni banda la kumzoesha, na kabla hujatoa pesa kwa muuzaji banda hilo liwe limesimama. Lijengwe pale pale unapotaka arudi jioni, wala si kwenye kona iliyobaki nyuma ya gereji. Kwa dume mmoja na majike wawili au watatu, urefu wa mita 6 na upana wa mita 3 ndicho kiwango cha chini, na kimo kisipungue mita 2.4. Upana mdogo humvunja dume manyoya, kwa sababu mkia wake una urefu wa kama mita moja na nusu na anapougeuza akiwa ameutandaza anahitaji nafasi ya pande zote.

Pande tatu za banda ziwe za wavu ili ndege aone nje. Aone mlango wa jikoni, mti mkubwa wa uani, njia ya gari, watoto wakienda shule, mbwa wa nyumbani akipita. Ndiyo kazi yote ya banda hili. Tausi aliyefungiwa miezi mitatu kwenye chumba cha matofali akitoka ni mgeni kama siku aliyoletwa. Upande wa nne, unaokabili upepo na mvua, uzibwe, na theluthi moja ya juu iezekwe mabati au makuti. Sehemu iliyobaki ya juu usiifunge kwa waya mgumu. Tausi akishtuka huruka wima kwa nguvu zake zote, na waya humpasua ngozi ya kichwa au humvunja shingo. Tumia nyavu laini za uvuvi, zikazwe kiasi cha kubonyea akizigonga. Kwa pembeni, waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5 unafaa, nao ushuke ardhini sentimita 30 au ukunjwe kuelekea nje na kuwekewa mawe, kwa ajili ya mbwa na nguchiro.

Fito za kulalia ziwe mbao za inchi mbili kwa nne, zilazwe ule upande mpana ukiwa juu ili atue kwa mguu mzima, kwenye kimo cha mita 1.5 hadi 1.8 na umbali usiopungua sentimita 60 kutoka ukutani. Ufito ukiwa chini ya hapo mkia hugusa kinyesi. Ukiwa karibu na ukuta, ncha za manyoya husagika.

Kuna jambo moja la ujenzi ambalo karibu kila fundi hulikosea, nalo ni mlango. Huwekwa katikati ya ukuta kwa sababu unapendeza hapo. Ndege aliyeko nje akitaka kurudi ndani hufuata waya, huenda na kurudi, hupita mlango ulio wazi mara kumi bila kuuona kwa sababu macho yake yako kwa wenzake walioko ndani. Weka mlango kwenye kona, tena ikiwezekana kona mbili zinazokabiliana diagonali, ili yeyote anayefuata waya aishie mlangoni. Upana wa mlango uwe mita moja, na chini kusiwe na kizingiti kirefu cha kumkwaza mwenye mkia.

Sasa muda. Wiki mbili zinazotajwa na wauzaji hazitoshi kwa tausi wa umri wowote. Ndege aliye chini ya mwaka mmoja akae bandani wiki 8 kwa uchache. Mtu mzima akae miezi 3, na kama alishawahi kutembea huru kwingine, miezi 6. Dume wa miaka minne aliyezoea kutawala kwa mtu mwingine ndiye mgumu kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndiye anayenunuliwa kwanza, kwa sababu mkia kamili huota mwaka wa tatu na mnunuzi anataka kuuona siku hiyo hiyo. Ushauri wangu ni kununua ndege wa miezi 4 hadi 8, watatu hadi watano, kutoka banda moja. Wanajuana tayari, wana woga wa kuachana, na watakuwa wamekulia kwako mkia utakapokuja. Tausi mmoja pekee usinunue kabisa. Atakwenda kutafuta wenzake, na asipowapata atajiunga na kuku wa jirani.

Walio na subira zaidi huanza na mayai. Kuku mtetea anayeatamia anaweza kufunika mayai manne ya tausi, au matano akiwa na mwili mkubwa, ila mchague yule anayejulikana kwa kung'ang'ania kiota, maana mayai haya huchukua siku 28 na si 21. Bata mzinga ni bora zaidi. Kifaranga cha tausi huota manyoya ya kurukia mapema sana na ndani ya siku chache hupanda kijiti. Chakula cha vifaranga wa kuku wa kawaida, chenye protini ya asilimia kama 20, ni hafifu kwake. Anahitaji asilimia 26 hadi 28 katika wiki za mwanzo, kwa hiyo tafuta chakula cha vifaranga wa bata mzinga, au uongezee unga wa dagaa wasio na chumvi. Aliyeanguliwa uani kwako hana kwao kwingine, na huyo ndiye tausi asiyekusumbua.

Tahadhari ya kuku ni moja, na ni kubwa. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo ambayo mayai yake yana vijidudu vya histomonasi. Kuku mwenyewe haumwi sana; tausi huharibika ini, hunya kinyesi cha njano, hulegea na kufa. Ukilazimika kuwachanganya, dawa ya minyoo ni ya lazima kwa wote. Piperazini inayouzwa kila duka la mifugo huua minyoo mikubwa ya duara tu. Omba fenibendazoli au levamisoli, na kipimo kitolewe na mtaalamu wa mifugo kwa uzito wa ndege. Wapewe mara mbili wakiwa bandani, wiki mbili zikitenganisha, kabla ya kuachiwa. Mdondo (kideri) nao haumwachi tausi, hivyo muulize mtaalamu huyo huyo juu ya chanjo ya I-2 ya tone la jicho, ile inayorudiwa kila miezi mitatu kwa kuku wa kienyeji. Nayataja haya kwenye barua ya kupotea kwa sababu ndege wengi wanaosemekana "wametoroka" waliugua, wakajificha kichakani, wakafia huko.

Miezi ya bandani si ya kukaa bure. Kila jioni, saa ile ile, mtu yule yule aingie na kopo la karanga zilizovunjwa, alitikise, awape kidogo. Kopo hilo lisitumike kwa kazi nyingine yoyote, na sauti yake isisikike pasipo karanga. Mchwa na kumbikumbi hufanya kazi haraka zaidi msimu wake ukiwepo. Baada ya wiki tatu hivi watakuwa wanakimbilia kopo kabla hujafika. Chakula chao cha kila siku ni chakula cha kuku wa mayai chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, gramu 100 hadi 150 kwa mkubwa mmoja, pamoja na mchicha au matembele yaliyokatwakatwa na maji safi. Usiwaachie kabla hawajatimiza masharti haya: waje kwa kopo bila kusita, walale juu ya ufito kila usiku, na wasijigonge kwenye waya mtu wa nyumbani akipita. Kama muda umetimia na bado wanajigonga, ongeza muda.

Siku ya kuwaachia huchaguliwa. Isiwe msimu wa kutaga, ambapo majike wanatafuta pa kujificha na madume wanapigana. Isiwe siku ya upepo wala ya mvua. Wakati mzuri ni baada ya dume kupukutisha mkia, akiwa ametulia. Siku hiyo wasipewe chakula cha mchana, maji yabaki. Saa kumi na nusu jioni, au saa kumi na moja, fungua mlango kwa ndege mmoja tu, na asiwe yule ambaye wenzake humkusanyikia. Mkuu wa kundi abaki ndani, maana sauti yake na kuonekana kwake ndiyo kamba inayomvuta aliyetoka. Aliyetoka atazunguka waya, atadonoadona majani, ataruka juu ya banda na kutazama huku na huku. Mwache. Hapa ndipo watu huharibu kazi ya miezi: wanakusanyika na simu kupiga picha, mtoto anamkimbilia, mbwa anabweka, ndege anaruka kwa hofu na kutua asikokujua. Mtu aliyezoeleka na kopo lake ndiye pekee abaki, akae mbali. Jua likikaribia kuzama atikise kopo, amwage karanga ndani karibu na mlango wa kona, na ndege ataingia. Asipoingia akalala juu ya banda, hapo ni nyumbani pia; usimrushie kitu.

Huyo mmoja atoke kila jioni kwa siku tatu au nne, kisha aongezewe wa pili. Ongeza muda wa nje kidogo kidogo, kutoka saa moja hadi nusu siku. Mkuu wa kundi atoke wa mwisho, na akitoka, mmoja wa majike arudishwe ndani kwa siku chache. Zoezi zima halipungui wiki tatu. Anayefungua mlango asubuhi na kuwatoa wote watano kwa pamoja amewapa siku nzima ya kutembea pasipo sababu ya kurudi, kwa kuwa wenzao wote wako nao.

Wakishazoea, ratiba ya chakula ndiyo inayowashika. Asubuhi wape kiganja tu; sehemu kubwa ibaki jioni, ndani ya banda au chini ya mti wanaolala. Ukiwajaza asubuhi hawana haja nawe hadi kesho, na ukiwanyima kabisa watapanua mzunguko hadi kwa jirani anayemwaga pumba. Kiangazi maji yasikauke hata siku moja. Sehemu kavu kama Dodoma, tausi atafuata bomba linalovuja nyumba ya tatu na kuhamia huko. Chombo cha maji kiwe juu ya zege au bamba, kwani matope yanayokizunguka hualika minyoo.

Kuhusu kulala, tausi hutafuta sehemu ya juu kuliko zote anazoziona. Kama mti mrefu wa eneo lote ni mwembe wa jirani, atalala kwa jirani na kuamkia huko. Simika nguzo mbili za mita 4 au 5 karibu na banda, uunganishe kwa mbao pana juu, au punguza matawi ya mti wako yanayoegemea ng'ambo ya ukuta ili njia ya kwenda huko isiwe rahisi. Miezi mitatu ya mwanzo wafungie bandani usiku hata kama wanaudhika. Na kuna usiku ambao kila mwenye tausi awafungie bila kujali miaka waliyokaa: mkesha wa Mwaka Mpya na sikukuu zenye fataki, na siku ya sherehe yenye maspika makubwa. Gizani tausi haoni vizuri. Akishtuliwa mtini huruka bila kujua aendako, na kukipambazuka yuko mahali pageni, kimya kwa hofu, wala haitiki akiitwa.

Jike akitoweka peke yake, usikimbilie kumshuku mwizi. Hutaga mayai manne hadi manane, moja kila baada ya siku moja au mbili, chini kabisa kwenye nyasi ndefu au nyuma ya rundo la kuni, kisha hukaa juu yake siku 28. Hutoka mara moja kwa siku, hula upesi upesi, hunywa, hurudi. Msubiri mahali pa chakula, mfuate kwa mbali akirudi, ujue alipo. Kiota usikihamishe, maana hukisusa. Kizungushie senyenge yenye tundu dogo usiku ukiingia. Bora zaidi ni kumwandalia mapema: tairi kuukuu lililojazwa nyasi kavu, limefichwa nyuma ya pazia la makuti ndani ya banda lililo wazi, na yai bandia ndani yake. Wengine huwafungia majike msimu wa kutaga hadi wazoee kiota cha bandani. Kwa maeneo ya Pwani, ambako kunguru weusi hawaachi yai wala kifaranga, na nguchiro na kenge humalizia yaliyobaki, hiyo ndiyo njia pekee ninayoiona ya maana.

Dume kijana akianza kutangatanga, hapo hakuna mafunzo yatakayosaidia. Kundi ni dume mmoja kwa majike watatu hadi watano. Madume wa ziada wakifika miaka miwili hufukuzwa na mkubwa. Utawaona wanasubiri wengine wamalize kula, wanalala peke yao, kila wiki wanasogea mbali kidogo. Wauze au wagawe wakiwa na mwaka mmoja na nusu.

Kabla ya yote hayo kuna swali la eneo, na hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 mjini si mahali pa tausi wa kutembea huru, hata umzoeshe namna gani. Eka moja bado ni kidogo. Kwa maoni yangu eka tatu zenye miti ndipo mtu aanze kufikiria. Mwenye kiwanja kidogo ajenge banda kubwa la kudumu, ndege wake watapendeza humo. Msimu wa kutaga dume hulia alfajiri na usiku kwa sauti inayosikika mbali sana, hudonoa taswira yake kwenye milango ya magari yanayong'aa akidhani ni hasimu, na kundi lake humaliza tuta la mchicha wa jirani asubuhi moja. Ongea na majirani na serikali ya mtaa mapema, na ulizia ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako kuhusu vibali kabla ya kununua. Mfugaji wa Kenya aulize Shirika la Wanyamapori la huko. Wasomaji wa Kongo wanaye tausi wao wa misitu ya mashariki, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1936. Huyo ni wa porini na haya niliyoandika hayamhusu.

Ndege akishapotea, usimfukuze. Kila unapomfukuza unamwongezea umbali. Fungia wenzake wote bandani ili wamwite, weka kioo kikubwa karibu na mahali pa chakula kwani tausi huvutwa na taswira ya mwenzake, na tikisa kopo alfajiri na jioni ukitembea taratibu kuelekea nyumbani. Zunguka kwa majirani uwaombe wasimlishe. Anayemwonea huruma na kumtupia wali ndiye anayemwekea makazi mapya. Ukigundua anapolala, subiri giza liingie kabisa, panda na mtu mwenye tochi asiyewasha hadi mfike, umshike kwa mikono miwili ukibana mabawa kwenye mwili, kisha miguu. Mkia usiushike: manyoya yatabaki mkononi na ndege ataondoka. Mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi atulie, msafirishe kwenye boksi lenye matundu, na ukifika mrudishe bandani kwa wiki nne nyingine pamoja na wenzake.

Kwa wauzaji nina ombi la mambo machache. Msimuuzie mtu tausi kabla hajawaonyesha picha ya banda. Msiuze dume mmoja peke yake. Mwambieni mnunuzi umri wa kweli wa ndege na kama alikuwa akitembea huru. Na kila ndege atoke kwenu na pete ya mguuni yenye namba ya simu ya mnunuzi, upande wa mguu wa kulia kwa dume na wa kushoto kwa jike, ili anayemwokota ajue pa kupiga na mwenyewe ajue ameokotewa yupi. Pete ya plastiki inayofunguka inatosha, ila iangaliwe kila mwezi kwa ndege anayekua, kwa sababu mguu hunenepa na pete iliyobana hukata damu.

Wako,
Mfugaji wa tausi,
Kibaha, Pwani